Salamu Nilizoongeza

Kazi yangu ni kuwaambia watu kwamba hawakushinda. Kwenye kibao cha duka langu, kando ya barabara ya kwenda Mvara, nimeandika kwamba napiga chapa, natoa kopi, nafungua barua pepe na kusaidia watu kujaza fomu, na yote hayo ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya siku zangu hapa Arua huishia kumweleza mtu mzima, mwenye akili zake timamu, kwamba hakuna bahati nasibu ya Ulaya iliyochomoa jina lake, wala hakuna mjane wa jenerali anayetafuta mtu mwaminifu wa kumtunzia sanduku la dhahabu. Wanakasirika, na wanamkasirikia nani? Mwizi yuko mbali, hana uso. Mimi niko mbele yao na uso wangu, basi hasira yote naipokea mimi. Mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini aliletewa barua kwamba jina lake na majina ya watoto wake yamepita, wanakwenda Kanada, atume haraka kopi za karatasi zake zote. Nilipomwambia ni uongo alisema, “Dada, mimi kwenda Kanada iko kuumiza wewe wapi?” Tangu siku ile anapeleka karatasi zake duka la upande wa pili wa barabara.

Sikumlaumu. Nimesoma barua hizi miaka mingi, na jambo nililojifunza ni kwamba haziwapati wajinga, kama wanavyopenda kusema watu ambao hazijawapata. Zinampata mtu mwenye tundu. Kila mtu ana mahali pake palipotoboka, na barua hizi hutumwa kwa maelfu, kama mtu anayetupa mawe gizani, mpaka moja liingie tunduni. Nilijiona hodari sana kwa kulijua hilo. Mganga hajigangi, lakini mimi nilidhani sina cha kugangwa.

Mwizi mmoja tu nimemjua kwa uso. Alikuwa mwalimu wa zamani kutoka Pajulu, mtu mpole, shati lake daima limepigwa pasi. Alikuwa akikodi kompyuta ya pembeni kila alasiri. Siku moja karatasi yake ilikwama kwenye printa, na nilipoivuta nikajikuta namsoma yule mjane wa jenerali, na dhahabu yake, na ugonjwa wake usio na dawa. Nilimwita pembeni. Hakukana. Nilichomuuliza kwanza, nakiri kwa aibu, hakikuwa dhambi yake bali Kiingereza chake. Nilimuuliza kwa nini mwalimu mzima anaandika kwa makosa namna ile.

“Nafanya kwa makusudi,” alisema. “Mutu ya akili ikiona makosa, iache njiani, isipoteze saa yangu. Mimi iko natafuta ule ambaye anaona makosa na bado anataka.”

“Na huyo humhurumii?”

“Mimi natupa ndoano tu, dada. Samaki ndiyo inakuja yenyewe.”

Nilipaswa kumfukuza siku ileile. Badala yake nilimkataza printa yangu, nikamwachia kompyuta, kwa sababu alikuwa mteja na kwa sababu alijua kuchekesha. Wakati mwingine alinisomea kichwa cha habari cha barua mpya, nami nikacheka hadi nikashika mbavu. Mkuki kwa nguruwe.

Nimekuwa msomaji wa barua tangu nikiwa na miaka tisa. Sisi ni watu wa Koboko, wajukuu wa askari waliotoka Sudan na bunduki za wenyewe wakabaki huku, na nyumbani kwetu Kinubi na Kiswahili hupikwa chungu kimoja. Mama yangu anasoma Kurani, lakini herufi za Kizungu hazijui. Barua ikifika, haifunguliwi chumbani. Inasomwa uani, watu wote wakiwa wamekaa, chai imemiminwa, na inaanza na salamu, mtu mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Shangazi yangu, aliyekuwa msomaji kabla macho yake hayajachoka, ndiye aliyenifundisha kwamba kama mwandishi amesahau salamu, msomaji huziweka. Kwetu hilo halihesabiwi kuwa uongo. Ni adabu unayomfanyia mtu ambaye pengine aliandika akiwa na haraka, au wino ulikuwa unakwisha. “Karatasi iko dogo,” aliniambia, “salaam iko kubwa. Wewe ongeza.”

Kaka yangu aliendesha malori ya mizigo kwenda Juba. Hakuwa mtu wa maneno. Simu za kule zilikuwa za kubahatisha, kwa hiyo nilimfungulia barua pepe dukani kwangu, nikamchagulia neno la siri asiloweza kulisahau, jina lake mwenyewe na moja mbili tatu. Aliniandikia kila baada ya wiki kadhaa, mistari miwili, mara chache mitatu. Nimefika. Mvua nyingi. Mwambie mama nitakuja mwezi ujao. Nilikuwa nachapa barua hiyo kwenye karatasi safi, na nikienda Koboko mwisho wa juma nasoma uani, karatasi nimeishika kwa mikono miwili.

Na niliongeza. Mama alianguka kisimani mwaka mmoja kabla, goti lake likaharibika, basi kila barua ya kaka ilianza na goti hilo. Salamu kwa mama, na goti lake linaendeleaje, asibebe ndoo, apake mafuta ya moto kabla ya kulala. Salamu kwa mke wangu. Salamu kwa jirani, na ule mti wake wa ndimu umezaa? Mama alikuwa akinyoosha mguu, akalitazama goti, akamjibu kama vile yuko palepale mkekani. Kisha mvua nyingi, kisha mwezi ujao. Watu wakarudi majumbani wakisema huyu kijana ana adabu.

Mwaka ule Juba iliposhika moto tena, barua zilikatika. Lori lake halikuonekana, tajiri wake alikimbilia Khartoum, na wale madereva waliorudi kila mmoja alikuwa amemwona mahali tofauti. Miaka saba ikapita. Kila mara nilikuwa naingia kwenye barua pepe yake kwa lile neno la siri, kama mtu anayechungulia chumba cha aliyesafiri. Hakuna aliyegusa kitu. Barua yangu ya mwisho, niliyomuuliza yuko wapi, ilikuwa haijafunguliwa.

Mtu aliyebaki katikati ya miaka hiyo saba alikuwa wifi yangu, mke wa kaka. Hawakujaliwa mtoto. Aliendelea kukaa kwa mama, akapika, akafua, akachemsha mafuta ya goti, akauza gurusa, ile mikate yetu myembamba ya Kinubi, asubuhi mlangoni. Hakuwa mke na hakuwa mjane. Mkulima mmoja wa Kuluba, aliyefiwa na mkewe, alileta salamu kwa heshima kupitia kwa wazee wake, akajibiwa kwamba mke wa mtu haombwi. Wifi alikuwa na umri wa miaka thelathini na nne. Siku moja tukiosha vyombo aliniuliza bila kuinua macho, “Wifi, mimi iko mke ya nani?” Nilisugua sufuria nikajifanya sikusikia.

Shehe ndiye aliyeonyesha njia. Alisema ikiwa jamaa wote watasimama na kushuhudia kwamba hawajapata neno lolote, si barua, si salamu, si mtu aliyemwona kwa macho, basi watamhesabu amekufa. Atasoma sala ya ghaibu, itapikwa karama, yaani chakula cha dua ya marehemu, na wifi ataanza eda. Miezi minne na siku kumi, kisha ni mwanamke huru. Mama alikataa kwa miaka miwili. Baada ya Ramadhani moja aliniita, akasema amechoka kumtegea sikio kila lori linalopita, na kwamba tusome. Alilia akisema hivyo, na wifi alilia, na mimi nilikimbia nje nikalie peke yangu kwa sababu kilio changu hakikuwa safi. Ndani yake kulikuwa na afueni.

Karama ilipangwa Ijumaa. Nilifunga duka nikaenda Koboko tangu Jumatano. Alhamisi alasiri tulikuwa uani wanawake kama kumi, tunamenya vitunguu, mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya jiko. Wifi alikuwa ameshanionyesha shuka jeupe alilonunua la kuvaa eda, ameliweka chini ya godoro ili lisichafuke. Uso wake siku ile ulikuwa umetulia namna ambayo sikuwahi kuiona. Mwalimu wa Kurani alikuwa ameahidi wanafunzi wake watakuja kusoma. Simu yangu ikalia kwa mlio wa barua, nikaitoa mfukoni, na kwenye kioo lilikuwa limeandikwa jina la kaka yangu.

Nilisema jina lake kwa sauti. Hilo ndilo kosa la kwanza. Kisu cha mama kilianguka kwenye beseni, na kabla sijapumua akasema, “Soma.”

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda kwa sababu kwetu msomaji wa barua husimama wima. Barua ilikuwa ya Kiingereza, mistari mitatu, na macho yangu yalikuwa bado kwenye jina wakati ulimi ulipokwisha kuondoka wenyewe njia unayoijua. Nikasoma, “Salamu kwa mama, na goti lake linaendeleaje. Salamu kwa mke wangu. Salamu kwa wote wa hapo uani.” Ndipo macho yakafika kwenye maneno yenyewe. Uko? Nahitaji msaada wako kwa jambo fulani. Siwezi kuongea kwa simu, nijibu hapa haraka.

Niliijua barua ile kama ninavyoijua harufu ya printa yangu inapotaka kuungua. Nimeisoma dukani mara mia, imetoka kwa mapadri, kwa wajomba, kwa wakubwa wa ofisi, wote hawawezi kuongea kwa simu na wote wana haraka. Mtu amefungua barua pepe ya mtu mwingine, akatuma ndoano kwa kila jina alilolikuta humo. Na mlango alioingilia niliujenga mimi, moja mbili tatu.

“Mama,” nilisema, “hii si ya kaka. Hii ni ya wezi.”

Lakini wanawake walikuwa wamekwisha kupiga vigelegele. Mama alinitazama katikati ya kelele, mikono yake ina maji ya vitunguu.

“Mwizi ndiyo iko nauliza goti yangu?” alisema.

Wote waligeuka kuniangalia, wakingoja jibu. Wifi pia aliniangalia, naye hakuwa amepiga kigelegele. Nilikuwa na jibu. Ningesema, goti nimeliweka mimi sasa hivi. Na wangeuliza, kwa nini uliweke? Ningejibu kwamba nimeliweka siku zote. Kwamba katika barua zote zile za Juba, hakuna hata moja ambayo mwanao aliuliza goti lako, wala ndoo, wala mafuta. Ingenibidi nimwue mtoto wake mara mbili ili wifi apate kuvaa shuka lake, mbele ya wanawake kumi, na mbuzi akitazama. Nilinyamaza. Nimejitafutia sababu nyingi tangu siku ile, zote nzuri, lakini ukweli ni kwamba niliogopa.

Shehe aliitwa. Alisikiliza, akakuna ndevu, naye hakuwa na kosa lolote. “Sasa neno iko,” alisema. “Mimi nitasoma vipi sala ya maiti kwa mutu ametuma salaam?” Mama akaamuru mbuzi afunguliwe. Vitunguu viligawanywa kwa majirani, na jioni ile uani kwetu kulikuwa na furaha kama sikukuu. Wifi alifagia maganda.

Kabla jua halijatua nilikwenda nyuma ya choo, mahali mtandao unaposhika vizuri, nikajaribu kuingia kwenye barua pepe ya kaka. Neno la siri lilikataa. Walikuwa wamelibadilisha. Na hapo, mimi ninayewafundisha watu, moyo wangu uliruka. Nilijiuliza, je, kama amelibadilisha mwenyewe? Nilisimama pale nyuma ya choo nikimtumainia kaka yangu dakika nzima, najua ilikuwa dakika nzima kwa sababu nilikuwa naangalia saa ya simu. Kisha nikaandika kwa Kinubi, nikauliza yule mbuzi wetu wa utotoni aliyekula Kurani ya babu tulikuwa tunamwitaje. Jibu lilikuja upesi, kwa Kiingereza. Mpendwa, niko mkutanoni, ninunulie kadi za zawadi tano, kwaruza nyuma, nipigie picha namba. Koboko nzima, na Arua nzima, sijaona duka linalouza kadi za zawadi, zile za ng'ambo ambazo mwenye namba ndiye mwenye fedha. Huyo mwizi hakujua hata sisi ni watu wa wapi.

Nilimsomea mama jibu hilo kesho yake, nikamweleza habari ya mbuzi. “Mutu iko taabu,” alisema, “itakumbuka mbuzi?” Akaniomba nimwulize kaka kama anakula vizuri.

Niliporudi Arua nilikuwa na hasira iliyotaka mahali pa kukaa. Nilifuta barua za wateja bila kuwauliza, nikamfokea mzee aliyeshinda gari. Nilitaka aliyetufanyia hivi awe mtu mwenye chuki, mtu aliyeketi mahali akachagua nyumba yetu na siku yetu. Nilimtafuta yule mwalimu wa ndoano, ambaye siku hizo alikuwa anauza betri na chaja sokoni, kwa sababu sikuwa na mwizi mwingine wa kumuuliza. Nikamsimulia yote, hata lile la kuongeza salamu, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Alisikiliza huku akipanga chaja zake.

“Hao hawajui ndugu yako amepotea,” alisema. “Hao nafungua mlango, nachukua majina, natuma kwa wote. Ikijibu mutu moja, kazi imelipa.”

“Na wale wengine?”

“Wale wengine nasahau. Mimi pia nilikuwa nasahau.” Akaweka chaja moja chini. “Lakini goti hawakuweka wao, dada. Wewe ulikuwa nataka nini?”

Niliondoka bila kumuaga. Nilikasirika kama wateja wangu wanavyonikasirikia, na kwa sababu ileile. Nilifika dukani, nikakaa, na jibu lilikuwa limekaa nami. Mama alipokuwa akisikiliza barua za kaka, alikuwa akinitazama mimi. Hakuwa na mwingine wa kumtazama. Lile tabasamu lilikuwa la kijana wake, lakini lilitua usoni kwangu, mimi ambaye hakuwahi kuniuliza nimelalaje huko Arua. Nilikuwa nachota kitu ambacho si changu kwa barua ambayo si yangu. Kwa miaka. Yule mwalimu alitaka karo ya watoto wake, na wezi wa kaka walitaka kadi. Sijui kama haja yangu ilikuwa safi kuliko zao.

Miezi ilikwenda. Mkulima wa Kuluba alituma mtu kuuliza mara mbili. Mara ya pili alisema kwa adabu kwamba akishavuna ufuta hatangoja tena, nyumba inataka mwanamke. Wifi hakuniomba kitu. Aliniambia habari hiyo kwenye simu kama mtu anavyosema mvua imenyesha, kisha akaniuliza, “Wewe iko najua kitu, wifi?” Nikasema nitakuja Jumamosi.

Nilikwenda. Asubuhi ile mama alikuwa mkekani, mguu ameunyoosha, mafuta ya moto kwenye kibakuli. Wifi alikuwa jikoni, mlango wazi, hatua tano kutoka tulipo. Nilimwomba mama ruhusa nikae, nikakaa, na nikasema. Nilianza na simu, nikarudi nyuma hadi barua za Juba, hadi shangazi, hadi ndoo na mti wa ndimu. Nilisema kwamba goti ni langu. Nilisema nilinyamaza siku ya karama na kwamba wifi amefungwa kwa mdomo wangu. Nililia, na nilimwomba msamaha.

“Nalijua,” mama alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

“Salaam iko yako. Toka mwanzo nalijua. Unashika karatasi, karatasi iko na mistari miwili, wewe nasoma mpaka chai inapoa. Goti yangu ndiyo mbaya. Macho yangu iko mzima.” Alichovya vidole kwenye mafuta. “Hata akiwa hapa uani kaka yako hakuwa nauliza goti ya mutu. Nilikuwa naachia wewe kwa sababu ilikuwa napendeza.”

“Basi, mama, umeona,” nilisema. “Siku ile ya vitunguu, ulijua.”

“Siku ile roho yangu ilikuwa na wasiwasi. Nilisema goti kwa sababu watu walikuwa nasikia. Lakini ndani nilikuwa nasema, hii goti ni ya binti yangu, pengine barua yote ni ya binti yangu, pengine ametunga kwa sababu ya huruma. Miezi hii yote silali.” Aliusogeza mguu wake. “Simu iko wapi? Sasa nisomee kama iko. Usiongeze.”

Nikaitoa simu. Moyo ulikuwa mwepesi, kwa sababu nilijua barua ile ikisomwa ilivyo, uchi, mtu yeyote ataona kwamba haina mtoto wa mtu ndani yake. Nikasoma. Uko? Nahitaji msaada wako kwa jambo fulani. Siwezi kuongea kwa simu, nijibu hapa haraka.

“Tena.”

Nikasoma tena. Na nilipoinua macho mama alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la zamani, na safari hii halikuwa likinitazama mimi.

“Hiyo ndiyo yeye,” alisema. “Hata salaam hakuna. Kwa heri hakuna. Haraka yake ileile.” Akajifuta macho kwa kiganja chenye mafuta. “Mungu akubariki kwa kusema kweli. Sasa wasiwasi yangu imekwisha. Mjibu. Mwambie tunamngoja, mke wake iko hapa.”

Nilisema kila neno ninalolijua. Nilisema kadi, nilisema ndoano, nilisema maelfu ya watu wamepata barua hiyohiyo. Alinisikiliza kwa upole kama wateja wangu wasivyonisikiliza, na kila nilivyoongeza sauti ndivyo alivyozidi kunihurumia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Wifi alikuwa amesikia yote. Aliipua chungu, akaenda chumbani kwake, akatoka na lile shuka jeupe, bado limekunjwa kama lilivyotoka dukani. Alilipasua katikati kwa meno na mikono. Kipande kimoja akafunikia unga wake wa gurusa. Cha pili akanipa, akasema nikafunikie mashine zangu huko Arua, barabara ile ina vumbi.

Nilikipokea. Ndicho ninachofunikia kompyuta nikifunga duka, na kila Ijumaa baada ya sala mama hunipigia simu kuuliza kama kaka amejibu.